Mwacheni mwongozaji amalize!

Jamani, inakera! Nilikwenda Gadsby's Tavern, mjini Alexandria, jimbo la Virginia huko Marekani, nyumba ya wageni ya karne ya 18 ambayo sasa ni makumbusho. Tulipoingia ukumbi ambamo George Washington alisherehekea siku yake ya kuzaliwa mwaka 1798 na 1799, watu kimya, simu juu, picha kama harusini. Haya. Mwongozaji alipoanza kueleza habari za watumwa waliopika na kufua humo, wawili wakaanza soga, mwingine akapokea simu palepale, kwa sauti! Iliniuma sana. Mimi kiingilio nililipa niwasikie hao waliowasha moto jikoni. Kama hutaki kusikiliza, si utoke nje?