Kabla ya kulaumu lehemu, uliza jibu la vipokezi

Mgonjwa wa saratani ya matiti akishaambiwa kwamba lehemu (kolesteroli) ndiyo chanzo, ataacha mayai, atajinunulia dawa ya kuishusha, na atasahau kuuliza swali lenye maana: je, uvimbe wake una vipokezi vya estrojeni, yaani sehemu za seli ambazo homoni hiyo ya kike hujipachika?

Uhusiano upo kweli. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kuwa lehemu ikishageuzwa na mwili kuwa 27-haidroksikolesteroli hujipachika kwenye kipokezi cha estrojeni na kuuchochea uvimbe, kana kwamba ni homoni yenyewe. Panya waliolishwa mafuta mengi uvimbe wao ulikua haraka. Walipopewa statini, dawa ya kushusha lehemu, kasi ikapungua. Lakini hao ni panya. Kwa binadamu, tafiti zinazolinganisha lehemu ya kwenye damu na kuugua saratani hii zimetoa majibu yanayogongana, kwa hiyo sikubali mtu auziwe statini kama dawa ya saratani.

Takriban saratani 7 kati ya 10 za matiti zina vipokezi hivyo. Jibu la kama vipo hutoka kwenye kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Kinyama kinatakiwa kiingie kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi kisiharibike, ya asilimia 10 ndani ya saa moja, dawa iwe nyingi kama mara kumi ya ukubwa wake, kikae humo kati ya saa 6 na 72. Kikiachwa kwenye kichupa kikavu, au ndugu akizunguka nacho mjini akitafuta maabara, vipokezi huharibika na jibu husomeka “hasi” wakati vilikuwepo. Mama wa watu anakosa tiba ya homoni iliyomfaa. Nasisitiza: kabla ya upasuaji, hakikisha formalini ipo tayari.

Vipokezi vikiwepo, lehemu inarudi kwa njia nyingine. Tamoksifeni, mojawapo ya dawa za tiba ya homoni, huwa inashusha lehemu mbaya, LDL. Letrozoli na anastrozoli, dawa nyingine za tiba hiyo wanazopewa waliokoma hedhi, hazina faida hiyo, na wapo ambao lehemu yao hupanda. Mgonjwa apimwe lehemu kabla ya kuanza dawa, kisha baada ya miezi michache. Maabara moja ikiandika kwa mmol/L na nyingine kwa mg/dL, zidisha ya kwanza kwa 38.7 ndipo ulinganishe. Nimekerwa sana na hofu inayoletwa na 5.2 kugeuka 201, ilhali ni kiwango kilekile.

Akihitaji statini kwa ajili ya moyo, apewe, na moyo wa aliyepona saratani unastahili kulindwa. Ila anayemeza simvastatini, mojawapo ya statini, asiongezewe klarithromaisini, antibiotiki ya kifua, bila daktari kujua: statini hujaa kwenye damu, misuli ikauma na kuvunjika, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo.

Na lile dumu la mafuta lililoandikwa “haina lehemu”? Mafuta ya mimea yote hayana lehemu ya maana, hata yale ya mawese na ya nazi yanayoganda kwenye baridi. Hayo mawili yana mafuta mengi yaliyoshiba, aina inayolisukuma ini kuacha LDL nyingi kwenye damu. Geuza dumu, usome kiasi cha mafuta yaliyoshiba kwa kila gramu 100, ulinganishe na la alizeti lililo pembeni yake.