Kubebwa sawa, lakini sauti je?

Kuna makala nimeisoma kuhusu mwimbaji Zuchu, mwandishi anasema alibebwa tu na lebo ya Wasafi na jina la mama yake. Sikatai, lebo hiyo ya Diamond ina nguvu, na kuwa binti wa Khadija Kopa, mwimbaji mkongwe wa taarabu, si jambo dogo. Ila rudini mkaisikilize ile EP (albamu fupi) yake ya kwanza, "I Am Zuchu", ya Aprili 2020. Nyimbo saba tu! Shule zimefungwa kwa korona, huku mtaani kila dirisha linatoa wimbo wake "Wana", na watoto wanaijua neno kwa neno. Promo peke yake haifanyi hivyo jamani.

Kinachonikosha mimi ni matamshi. Kiunguja safi, hamezi silabi hata moja, na vile anavyovuta mwisho wa mstari ni taarabu tupu, japo biti ni bongo fleva. Halafu kuna "Mauzauza" na mama'ke. Wangapi wangethubutu kusimama ubavuni mwa Kopa, mama aliyetikisa na kundi la TOT (Tanzania One Theatre) miaka yote ile, kwenye kazi ya kwanza kabisa? Na wala hakumezwa.

Nyimbo moja mbili pale ni za kucheza tu, zinapita. Hizo mwandishi angezisema ningemwelewa.