DJ Akinyamaza, Nani Atafsiri?

Wiki mbili zilizopita niliitwa kukaa meza moja na walimu wawili tutazame trela za wanafunzi wa filamu. (Trela za sinema, si za lori. Mlinzi wa getini alinielewa vibaya, tukapoteza dakika tano pale.) Kazi waliyopewa vijana ilikuwa kutengeneza trela ya filamu ya kutisha, isizidi dakika mbili, na waonyeshe wamezifuata kanuni zipi za filamu hizo na wamezivunja zipi. Zilikuwa trela tisa. Saba nilizijua kabla sijaziona.

Unajua zinavyokwenda. Vijana wanne wanacheka garini, jua linawaka. Gari linazima. Nyumba bovu, mlango unalia kwiii, kimya, halafu paa! Kumbe paka. Skrini inakuwa nyeusi na maandishi mekundu yanachuruzika: INAKUJA HIVI KARIBUNI. Mzimu wenyewe karibu kila mara ni binti mwenye gauni jeupe na wigi refu lililomfunika uso. Binti huyo katoka Japani, na kule ana maana yake: nguo nyeupe ile ni ya maziko, mtazamaji akiiona tu anajua huyu ni mfu. Hapa, gauni lilikuwa limeazimwa duka la maharusi, na sisi sote mezani tuliona bibi harusi aliyechelewa ukumbini.

Nikauliza kwa nini hawakutumia sanda. Msichana mmoja akaniambia alimwomba bibi yake kipande cha bafta, akaeleza ni cha nini, na bibi akamfukuza jikoni. Basi si ndiyo hiyo filamu? Yeye akaenda zake kuazima gauni.

Sisemi kanuni zitupwe. Trela ya nane ilijaribu hivyo: mchana kweupe, taarabu inapigwa, hakuna anayekufa wala anayekimbia. Walimu waliisifu kwa ujasiri. Mimi nilidhani ni tangazo la mafuta ya kupikia. Giza, kimya kabla ya kishindo, mlango ulioachwa wazi, vyote hivyo humwambia mtazamaji akae mkao gani, na asipoambiwa hakai mkao wowote. Ya kuvunja ni moja, na iwe ile aliyoiegemea mgongo bila kujua kama kaiegemea.

Watu wa pwani wana hadithi yao, sijui nani hajawahi kusimuliwa. Mtu anarudi nyumbani usiku, anakutana na mwanamke kajitanda buibui, marashi yananukia mpaka ng'ambo ya pili. Wanatembea wanaongea. Jicho linamshuka miguuni: kwato! Anatimua mbio, roho mkononi, mpaka anamkuta mzee anaota moto peke yake. "Babu, nimeona mwanamke ana kwato!" Mzee anaivuta kanzu yake juu, polepole. "Kama hizi?"

Yule mwanamke hatishi sana, tulikuwa tunamngoja tangu marashi yaliponukia. Mzee ndiye anayetumaliza, kwa kuwa tulishakimbilia kwake. Hadithi hii nimeisikia sijui mara ngapi, na mpaka leo kanzu ikianza kupanda natupia jicho miguu ya anayesimulia.

Mwongozaji Alfred Hitchcock alicheza mchezo huohuo mwaka 1960, kwenye trela ya filamu yake ya kutisha, Psycho. Inapita dakika sita, na karibu yote ni yeye mwenyewe, mzee mnene ndani ya suti, anakuzungusha kwenye moteli na nyumba kama dalali anayetafuta mpangaji: hapa ngazi, hapa bafu, hapa palitokea jambo baya sana, haya tuendelee. Unacheka, unamzoea. Mwishoni anavuta pazia la bafu na mwanamke anapiga ukelele. Hata uso huo ni wa kukuzuga, maana ni Vera Miles kavishwa wigi, wakati anayeuawa bafuni kwenye filamu ni Janet Leigh. Na Leigh ndiye aliyekuwa steringi, mhusika mkuu! Sisi tuliokulia vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mtaani, tunajua steringi hafi. Huyu alikufa filamu haijafika hata nusu. Halafu zitazame trela zetu, zinakuonyesha mpaka jini linavyochomwa moto.

Trela ya tisa ni ya kijana ambaye hakuwa na pesa ya taa wala ya wigi. Sebule ya kawaida, familia imekaa mkekani inakula ugali. Juu ya picha kuna sauti ya DJ anayetafsiri filamu kwa Kiswahili huku inaendelea, tafsiri zile tulizokua nazo, za kina Lufufu hapa Dar na DJ Afro kule Kenya. DJ anafanya mambo yake: kila mtu kampa jina la mtaani, anamsema baba kwa kuvizia mnofu, katikati anamsalimia fundi wake wa baiskeli. Tunacheka wote. Kisha mama mmoja anapita nyuma, mlangoni, kashika sufuria.

"Na huyu mama…" DJ anasita. "Huyu mama hakuwepo nilipoitazama mara ya kwanza."

Anacheka kidogo, cheko la mtu aliye peke yake chumbani. Familia inaendelea kula, midomo inacheza, hakuna anayetafsiri. Maiki bado iko wazi: feni inazunguka, kiti kinaburuzwa. Halafu mlango unafunguliwa, na si wa pale sebuleni. Ni wa kwa DJ.

Basi, imeisha. Mwalimu mmoja alilalamika kwamba kishindo cha mwisho hakuna, na kwenye karatasi yao ya kanuni, yenye kisu, msitu na msichana anayebaki peke yake, DJ hayumo. Ni kweli hayumo. Lakini mimi tangu utoto sijawahi kumsikia DJ akiishangaa filamu, na kijana huyu alilijua hilo. Nilimpa alama zote nilizoruhusiwa kutoa.

Nilimkuta nje anakunja waya. Nikamuuliza yule mama kamtoa wapi, maana katulia kuliko waigizaji wote niliowaona siku ile.

"Kaka, yule shangazi yangu. Alikuja kurudisha sufuria, akapita tu. Hakujua kama tunarekodi, na sisi hatukumwona."

Alikuja kumwona siku ya pili, saa nane usiku, anahariri peke yake na hedifoni masikioni. Anasema kwa sekunde kadhaa hakumtambua.