Mvua ya Isiolo Inaishia Mlimani

Kila ukame unapotangazwa, hapa Nairobi husikia maneno yale yale ndani ya matatu: "Hao watu wa Isiolo wangepanda miti, mvua ingewanyeshea." Inaniuma, maana barabara ya Meru naijua, na mvua yao naijua inakobaki.

Pita Embu na Chuka mwezi wa Aprili uone migomba, majani chai na mito isiyohesabika. Upande ule wa Mlima Kenya unaelekea Bahari ya Hindi. Upepo unatoka kusini-mashariki umebeba unyevu, unagonga mlima wa mita 5,199 na kulazimika kupanda. Hewa ikipanda hupoa, kama nyuzi 10 kwa kila mita 1,000. Ikifika pa kufanya mawingu, upoaji hupungua hadi nyuzi 6 hivi, kwa kuwa mvuke unaogeuka matone huachia joto lake. Maji yananyesha hapo hapo, joto linabaki hewani. Ng'ambo ya pili hewa hiyo inateremka bila maji, ikipata nyuzi 10 kwa kila mita 1,000, hivyo inafika chini kavu na yenye joto kuliko ilivyoanza. Tulifundishwa shuleni kukuita huko kivuli cha mvua.

Ndiyo maana Nanyuki ni kukavu ilhali Chuka kunateleza matope. Ukishuka kutoka Meru kwenda Isiolo, migomba inakatika ghafla na migunga inaanza. Isiolo iko chini zaidi pia, na ukavu wa kaskazini una sababu nyingine, lakini uvivu wa mtu haumo.

Miti naipenda, inashika udongo na kulinda chemchemi. Ila hakuna miche itakayousogeza mlima. Sisi wa Nairobi tunakunywa maji ya bwawa la Ndakaini, upande wa milima ya Nyandarua unaopata mvua, na hakuna aliyetuuliza tumepanda mingapi.

Mlima wenyewe hurudisha sehemu ya kile ulichowanyima watu wa chini, kupitia mto Ewaso Ng'iro. Lakini huko juu maji yanavutwa kumwagilia mboga na maua, na kiangazi kikikaza mto hukauka kabla ya kuwafikia wafugaji na mifugo yao. Lawama za ndani ya matatu ningependa zielekezwe huko, kwa kila anayefungua mfereji wake akijua kuna watu chini wanaongoja maji hayo.