Kava Inasema Hivi, Diski Inasema Vile

Jamani, wauza muvi feki, hivi mnatuonaje? Napenda kuchakura kwenye vibanda vyenu, sifichi. Kupekua lundo la diski hadi vidole vijae vumbi, kisha uione muvi ambayo bado iko kwenye majumba ya sinema, ni raha isiyo na mfano. Lakini mbona mnatufanyia hivi?

Kava ina jitu limeshika bunduki, nyuma yake helikopta inawaka moto. Unaweka diski, unakutana na harusi. Harusi! Tena ya watu usiowajua.

Ukibahatika kuipata muvi yenyewe, imerekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi. Picha imekaa upande, kichwa cha mtu kimeziba robo ya skrini. Mpelelezi anafungua mdomo kumtaja muuaji, mtu anakohoa. Sasa muuaji ni nani?

Na hii tamaa ya kuweka muvi 20 kwenye diski moja ilitoka wapi? DVD ya kawaida ya tabaka moja inabeba GB 4.7 tu. Ukizishindilia zote humo, lazima zibanwe mpaka nyuso zigeuke vimraba. Halafu inaganda palepale patamu, mwishoni kabisa!

Ukirudi kulalamika, jibu ni lilelile: "Deki yako ndiyo mbovu." Wenzangu, kweli deki zetu sote ni mbovu? Wekeni deki hapohapo kibandani, tuone kabla ya kulipa.