Kaliangalieni Kundi B

Jumamosi nilikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imeshanyolewa, jamaa mmoja akaanza ule wimbo wetu: timu apewe tajiri mmoja, ashike hisa nyingi, wazee wakae pembeni, Afrika nzima itatukoma. Kijiwe kizima kikaitikia. Nikataka kugeuka nimjibu, kinyozi akanibana kichwa: "Tulia kaka, nitakukata." Nikatulia. Jibu langu ndilo hili.

Mnaikumbuka fainali ya Europa League ya 2015 kule Warsaw? Mimi niliionea kibanda umiza, tumebanana kwenye benchi, na kibanda kizima kiligeuka Dnipro, timu ya Ukraine, kwa sababu moja tu: Sevilla walikuwa mabingwa watetezi na tulishawachoka. Kalinić akafunga kwa kichwa mapema, tukamwagiana soda. Sevilla wakarudisha, wakaongeza. Rotan akasawazisha kwa mpira wa adhabu kabla ya mapumziko. Kisha Bacca wa Sevilla akatuua, 3-2. Dnipro ile ilikuwa imewatoa Napoli kwenye nusu fainali, na mechi zake za nyumbani ilizichezea Kyiv kwa sababu ya vita vya mashariki. Nyuma yake alikuwepo tajiri, Ihor Kolomoyskyi, mwenye benki. Kila kitu ambacho kijiwe chetu kinakiombea dua.

Haya, msimu wa 2017-18 timu hiyo ilikuwa wapi? Druha Liha, Kundi B. Jina lake ni Ligi ya Pili lakini ni daraja la tatu. Miaka miwili tu tangu Warsaw!

Na si kwamba walifungwa mpaka wakafika huko. Walikuwa wanadaiwa. Makocha na wachezaji waliokwisha kuondoka walikuwa wanadai fedha zao, kesi zikaenda FIFA, FIFA wakakata pointi, UEFA wakawafungia mashindano ya Ulaya. Nyota waliondoka mmoja mmoja, na Konoplyanka, msinisahaulishe hili, alikwenda bure, tena kwa Sevilla walewale. Waliobaki ni vijana waliopandishwa kutoka timu ya watoto, wanacheza Ligi Kuu huku wanalipa kwa pointi mishahara ya watu wasiowajua. Mwisho FIFA wakaamuru washushwe moja kwa moja mpaka daraja la tatu. Msimu huo ulipoisha wakasukumwa tena chini, wakaangukia ligi ya ridhaa. Mwaka 2019 hadithi ikafungwa.

Hapo ndipo napandwa na hasira. Deni halikumfuata aliyesaini mikataba. Lilifuata jezi. Mtoto wa miaka kumi na tisa ambaye siku ya Warsaw alikuwa anatazama kwenye televisheni kama mimi ndiye aliyeingia uwanjani kulilipa.

Sasa subirini muone kituko. Kwenye Kundi B hilohilo, msimu huohuo, kulikuwa na timu nyingine ya mji huohuo: SC Dnipro-1, jina limetokana na kikosi cha kujitolea cha wakati wa vita. Kocha wake? Dmytro Mykhaylenko, yule aliyekuwa na Dnipro msimu uliotangulia. Timu mpya, safi, haidaiwi na mtu. Sisemi ilianzishwa ili kukwepa chochote, sina ushahidi na sitaki kesi. Nasema tu wawili waliingia kundi moja wakitoka mji mmoja, mmoja kabeba mizigo ya ukoo mzima, mwingine anapunga mikono mitupu. Mnadhani nani alipanda daraja?

Aliyepanda pamoja naye ni Metalist 1925 ya Kharkiv. Hao nao wana mkasa wao: Metalist ya zamani ilishika nafasi ya pili Ligi Kuu 2012-13, ikiwa imeshauzwa kwa tajiri kijana, Serhiy Kurchenko. Februari 2014 serikali ikaanguka, tajiri akakimbia nchi, na 2016 klabu ikafa. Jina likafufuliwa kuanzia chini. Metalurh ya Zaporizhzhia, nayo ilikuwa Ligi Kuu mpaka ilipofilisika, ilikuwa humohumo. Ukilisoma Kundi B la msimu ule utadhani unapita makaburini, unasoma majina kwenye mawe.

Tavriya Simferopol, nayo ya Kundi B hilo, siiweki fungu hilo. Hao ndio mabingwa wa kwanza kabisa wa Ukraine huru, 1992, walipowafunga Dynamo Kyiv 1-0 kwenye fainali mjini Lviv. Urusi ilipoichukua Crimea, timu ikapoteza nyumba, ikafufuliwa Beryslav, mkoa wa Kherson. Hao walifukuzwa kwao, na mkimbizi hasemwi.

Nakiri, na nakiri kwa shingo upande: bila hela za tajiri Dnipro wasingeiona Warsaw, nami nisingemwagiwa soda. Sawa. Tena pesa za wanachama peke yake hazilipi hata nauli ya kwenda mkoani. Lakini basi tuulize maswali ya mtu anayeoza binti: mikataba inasainiwa kwa jina la nani, akiondoka madeni anabaki nayo nani, uwanja ni wa nani. Sisi tunauliza tu anasajili straika gani.

Na wale Dnipro-1 wa mikono mitupu? Walipanda mpaka wakawa wa pili Ligi Kuu, 2022-23. Julai 2024 wakajitoa mashindano ya Ulaya kabla ya kucheza, kisha wakajitoa ligi.

Nilimtumia yule jamaa wa kinyozini msimamo wa Kundi B. Akajibu na vikatuni vya kucheka, halafu: "Hiyo Ukraine, bro. Huku kwetu tajiri ni mwanachama tangu utotoni."