Nesi akiona alama kwenye mwili wa mtoto

Nairobi, mtu wa serikali anayemwona mtoto mchanga mara nyingi zaidi ni nesi. Kuna chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua akiwa na miezi 9 na tena 18, na katikati kuna kupimwa uzito na matone ya vitamini A. Chifu hana nafasi hiyo, na shule bado iko mbali. Ndiyo maana wapo wanaotaka nesi aripoti kila dalili ya mtoto kupigwa au kutelekezwa. Wengine wanaonya kwamba akina mama wa mitaa ya mabanda kama Mathare na Mukuru wakianza kumwona nesi kama askari, watahepa kliniki, na mtoto akose hata chanjo.

Onyo hilo lina uzito. Chumba kimoja cha mabati, stovu ya mafuta ya taa sakafuni, uji unachemka, mtoto anatambaa: ajali hapo haihitaji mzazi mbaya. Mama huyo akihojiwa kwa ukali mbele ya foleni, hatarudi kidonda kisafishwe. Lakini nesi mzoefu anajua kutofautisha. Uji ukimwagika huunguza ovyo ovyo. Mguu uliozamishwa kwenye maji moto huungua na kuishia kwenye mstari mmoja, kama soksi. Na mtoto wa miezi 2, asiyetambaa, akiwa amevilia damu mashavuni, hakujigonga mwenyewe. Kunyamaza hapo ni kumrudisha kwa anayemuumiza, na Katiba, ibara ya 53, inampa haki ya kulindwa.

Mimi naunga mkono kuripoti, ila mzigo huo asitwishwe mhamasishaji wa afya ya jamii, yule anayezunguka nyumba kwa nyumba mtaani. Wahamasishaji wapatao 100,000 walizinduliwa nchini mwaka 2023, na wao ndio wanaojua ni mtoto yupi hufungiwa ndani mama akienda kufua nguo Eastleigh. Lakini mhamasishaji anaishi mtaa uleule na huchota maji bomba moja na atakayemshtaki. Amwambie nesi, nesi ndiye apige 116, simu ya kuripoti mateso ya watoto, au amwite afisa wa watoto.

Na huyo anayefungiwa? Mama yake asipofua, hawali. Ripoti kuhusu mtoto huyo iombe mahali pa kumwacha mtoto mchana kwa bei ambayo kibarua kinaweza kulipa, pingu hazitamlea. Nesi naye atayajua haya tu akipewa chumba chenye mlango, maana hakuna mama atakayeyasema kando ya mizani, majirani wakisikiliza.